Kuiga Mpaka Mkono Ukubali

Mpiga gitaa haijaribu amplifaya kwa masikio peke yake. Anapiga kamba kwa nguvu, anasikiliza inavyojibu. Anaipapasa, anasikiliza tena. Kisha anashika kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa lenyewe na kukishusha kutoka kumi hadi nne, bila kugusa kitu kingine chochote. Hapo amplifaya nzuri ya valvu hubadilika tabia: mkwaruzo unaondoka, sauti inabaki safi, inang'aa, na wala haijazama. Jaribio hilo la sekunde chache limewasumbua wahandisi wa Marekani, Ujerumani na Finland wanaoiga amplifaya kwa kompyuta kwa karibu miaka thelathini, na ndilo linalonifanya niwaheshimu. Sauti iliyokwisha kurekodiwa unaweza kuifuatisha ukiwa na muda na vifaa. Kuiga kitu kinachomjibu mtu papo hapo, kadiri anavyobadilisha nia yake, ni kazi ya daraja nyingine kabisa.

Tuangalie kinachoigwa. Gitaa la umeme hutoa mkondo mdogo mno. Valvu ndogo za mwanzo, aghalabu zile za aina ya 12AX7, huukuza hatua kwa hatua, na ukizizidishia, vilele vya wimbi huanza kubanwa. Kubanwa huko ndiko kunakozaa ukali tunaoupenda. Valvu kubwa za mwisho zinasukuma transfoma, transfoma inasukuma spika, na spika nayo haikubali kusukumwa kimya kimya. Ukinzani wake hubadilika kwa kila noti, kwa hiyo amplifaya inafanya kazi tofauti kwenye besi na tofauti kwenye sauti za juu. Nyuma ya yote kuna umeme wa ndani, ambao katika amplifaya nyingi za zamani hunyooshwa na valvu pia, kama ile GZ34. Ukipiga kamba zote kwa kishindo, umeme huo unashuka kidogo, kisha unapanda. Sikio linasikia noti inayokazwa mwanzoni na kufunguka baadaye. Vidole vinahisi kama vimepewa nafasi ya kupumua.

Eddie Van Halen alikuwa akipunguza volti za Marshall yake kwa makusudi, kwa kutumia transfoma ya kurekebisha umeme, na hali hiyo ikawa sehemu ya sauti yake. Wapiga gitaa wa Dar es Salaam wanaijua bila kuitafuta. Saa mbili usiku mtaa mzima umewasha feni na majokofu, umeme umekuwa mdogo, na amplifaya ya valvu inalegea katikati ya wimbo. Leo vifaa vya kidijitali vya hali ya juu vina kitufe cha kuchagua kiwango cha umeme unaoingia kwenye amplifaya ambayo haipo. Mtu aliyeona kwamba hata udhaifu wa umeme ni sehemu ya muziki, akaketi kuuandikia hesabu, huyo ni fundi wa kweli.

Wanaoidharau kazi hii husema ni uigaji tu. Wanasahau amplifaya wanazozitukuza zilitoka wapi. Mwaka 1962, katika duka la vyombo vya muziki lililokuwa Hanwell, magharibi mwa London, Jim Marshall pamoja na Ken Bran na Dudley Craven walichukua muundo wa Fender Bassman ya Marekani, wakaunda JTM45 yao. Waliufuata kwa karibu sana. Lakini valvu zilizopatikana Uingereza zilikuwa nyingine, transfoma nyingine, na spika zilikuwa za Celestion, tena ndani ya boksi lililozibwa nyuma. Kilichotoka kilikuwa na ukali ambao Fender hawakuwa nao, na baada ya miaka michache vijana wa rock wa pande zote mbili za Atlantiki hawakutaka kingine. Sauti tunayoiita asili ilizaliwa na mafundi waliokuwa wakinakili kwa uangalifu.

Uigaji wa kidijitali ulianza kufika mikononi mwa watu wa kawaida katikati ya miaka ya tisini. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995. Line 6 wa California walileta amplifaya yao ya AxSys 212 mwaka 1996, kisha mwaka 1998 ikaja POD, kikasha chekundu kilichouzwa kila mahali. Chumbani, kwenye headfoni, POD ilifurahisha sana. Ukiipeleka jukwaani, kati ya ngoma na besi, gitaa lilikuwa jembamba na lenye makali yasiyopendeza. Sababu mojawapo iko kwenye hesabu yenyewe. Kompyuta huikata sauti vipande, kwa kawaida 48,000 kwa sekunde, na kwa kiwango hicho haiwezi kubeba sauti iliyozidi mitetemo 24,000. Mkwaruzo huzaa sauti za juu zinazovuka mpaka huo. Hazipotei, hukunjwa na kurudi chini kama noti ngeni zisizohusiana na wimbo. Kwenye valvu hazipo, na sikio linazikataa hata kama mwenye sikio hajui kwa nini. Dawa yake ni kufanya hesabu kwa kasi mara nane au zaidi, kuchuja kinachozidi, ndipo urudi chini. Vichakata vya 1998 vilikuwa na nguvu ndogo kuliko vya leo.

Sababu ya pili ni spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 hupunguza sana kila kitu kilicho juu ya mitetemo 5,000 hivi. Ukiunganisha mkwaruzo moja kwa moja kwenye miksa bila spika hiyo, unapata nyuki waliofungiwa kwenye debe. Kwa hiyo mafundi walijifunza kupima boksi la spika pamoja na maikrofoni yake: unalipitishia sauti maalumu, unarekodi linavyoijibu, na jibu hilo, lisilofika hata nusu sekunde, unaligeuza kuwa chujio la kila noti itakayopita. Ukisogeza maikrofoni upana wa kidole kimoja kutoka katikati ya koni, umepata boksi jingine. Kuna watu ambao kazi yao ya mchana kutwa ni kusogeza maikrofoni kwa upana wa kidole.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale mafundi walipoacha kutegemea michoro ya saketi peke yake na kuanza kuihoji amplifaya yenyewe. Christoph Kemper wa Ujerumani, ambaye awali alijulikana kwa sintesaiza, alionyesha Profiler yake mwaka 2011: unaiunganisha na amplifaya yako, inapiga mlolongo wa milio ya ajabu, inasikiliza majibu, kisha inayabeba. Mwaka 2016 DeepMind wa London walitangaza WaveNet, mtandao wa neva uliotengenezwa kwa ajili ya kuzalisha usemi wa binadamu. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, walionyesha kwamba mtandao wa aina hiyo unaweza kujifunza amplifaya ya valvu. Steven Atkinson naye akatengeneza Neural Amp Modeler na kuiacha wazi, bila malipo, kwa yeyote mwenye kompyuta. Kwa huo ukarimu namshukuru mtu ambaye sijawahi kumwona.

Niliwahi kukaa na kazi hiyo kwa karibu, nyumbani kwa mpiga solo mmoja mstaafu huko Temeke, ambaye amplifaya yake ilikuwa imelala chini ya kitambaa. Kijana aliyekuja na kompyuta alisogeza maikrofoni mbele ya koni huku akiuliza, "Hapa, mzee?" Mzee akajibu, "Rudi nyuma, mwanangu. Hapo inapiga kelele, haiimbi." Ilichukua muda mrefu kupata mahali ilipoimba. Kisha faili la majaribio likapigwa, kama dakika tatu hivi: vidonge vya mlio, mawimbi yanayopanda kutoka chini hadi juu, kelele tupu, halafu vipande vya gitaa alilopiga mtu mwingine kabisa. Kompyuta ikaanza kulinganisha kilichoingia na kilichotoka, ikirudia tena na tena, kila mara ikipunguza kosa. Mwisho lilibaki faili dogo kuliko picha ya simu.

Mzee alikaa na gitaa lake, tukamgeuza aelekeze mgongo kwenye kompyuta na amplifaya, asijue inayolia ni ipi. Hakusema lolote kuhusu uzuri wa sauti. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitufe, akakishusha, akapandisha, akapiga noti mojamoja za juu kama zile za kuingilia kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka, akaziacha zife zenyewe. "Inanifuata," alisema. Baada ya robo saa akaongeza, "Lakini haichoki." Alikuwa sahihi kuliko alivyotarajia yule kijana. Mtandao ule unakumbuka sehemu ndogo tu ya sekunde iliyopita, wakati amplifaya inayopigwa tangu saa tatu usiku mpaka alfajiri hupata joto, na sauti yake ya saa nane si ile ya saa tatu. Tena faili lile limenasa mpangilio mmoja tu wa vitufe. Ukigeuza kitufe cha besi, umeondoka kwenye kilichonaswa na kuingia kwenye makisio.

Huko ndiko kazi inakoelekea. Neural DSP wa Helsinki wameunda roboti waliyoipa jina la TINA, inayoshika vitufe vya amplifaya na kuvizungusha yenyewe huku ikirekodi kila hali, ili mtandao ujifunze chombo kizima badala ya picha yake moja. Upande wa pili wako watu kama Cliff Chase wa Fractal Audio, Marekani, ambao tangu Axe-Fx ya kwanza mwaka 2006 wamekuwa wakiandika tabia ya kila sehemu, valvu kwa valvu. Nadhani njia hizi mbili zitakutana: mchoro utatoa mifupa, usikilizaji utatoa nyama. Zitakutana pia kwa sababu ya lazima. Viwanda vikubwa vya valvu vilivyobaki ni vichache, viko Urusi, Slovakia na China, na tangu vita vya Urusi na Ukraine vya 2022 kila fundi amplifaya anajua jinsi mlango mmoja unavyoweza kufungwa ghafla.

Kuna lawama moja ambayo si ya haki, ile ya kuchelewa. Watu husema chombo cha kidijitali kinachelewesha sauti. Ni kweli, milisekunde mbili au tatu kwenye vifaa vizuri. Lakini sauti hewani husafiri mita moja kwa karibu milisekunde tatu, na hakuna mpiga gitaa anayelalamika akisimama mita mbili kutoka kwenye boksi lake.

Lawama nzito ni nyingine, na haijapata jibu kamili. Kinachotoka kwenye vifaa hivi ni amplifaya kama maikrofoni inavyoisikia. Mpiga gitaa aliyezoea boksi nyuma ya magoti yake, linalomsukuma suruali na kuzitikisa kamba mpaka noti inakataa kufa, anasimama mbele ya monita na kusikia rekodi ya mtu mwingine. Tarehe 8 Desemba 2013 bendi ya Metallica walipiga ndani ya hema Antaktika, kwenye kituo cha Carlini cha Argentina, bila spika za kuwapigia watu. Wasikilizaji walivaa headfoni. Kwa mazingira ya pale ulikuwa uamuzi sahihi, na ulionyesha kwamba onyesho linaweza kusimama bila spika kuitikisa hewa ya ukumbi. Sitaki kila ukumbi uwe hivyo. Wanaotengeneza spika za jukwaani zisizoibadilisha sauti na amplifaya za kidijitali zenye spika halisi ya gitaa, kama Fender walivyofanya na Tone Master mwaka 2019, wanashughulikia ile mita ya mwisho kati ya hesabu na mwili, nami naamini uhalisia wa jukwaani utaamuliwa hapo zaidi kuliko kwenye mitandao ya neva.

Mengine yako mikononi mwa mtumiaji. Tangu 1933 watafiti Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sikio husikia besi na sauti za juu kwa uhafifu pale sauti ikiwa ndogo. Anayepanga sauti zake usiku, polepole, majirani wasiamke, huongeza besi na kung'arisha juu. Kesho jukwaani gitaa lake linavuma chini na kuchoma masikio juu. Chombo hakina kosa. Panga sauti kwa kiwango utakachopigia, ukiwa umesimama, bendi ikipiga.

Na panga kwa ajili ya muziki wako. Orodha za kiwandani zimejaa Uingereza na Marekani, nyingi zikiwa na mkwaruzo wa rock. Muziki wa dansi unataka vingine: solo safi inayokata juu ya ala za upepo, gitaa la pili linaloijibu, rithimu inayozunguka chini ya hayo mawili bila kuyabana. Gitaa la Said Mabera wa bendi ya Msondo halikuhitaji ukali wa Marshall ili lisikike hadi mlangoni. Amplifaya zilizozaa sauti hizo, nyingi zimetengenezwa upya na mafundi wa mitaani kwa vipuri vilivyopatikana, zina transfoma zilizosukwa upya kwa mkono na spika zilizobadilishwa koni, na hazimo kwenye orodha ya mtu yeyote. Sasa zinaweza kunaswa kwa kompyuta ya mkononi, maikrofoni moja na idhini ya mwenyewe. Ningependa ianze kazi ya kuzunguka kumbi na nyumba, Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Mombasa, kila amplifaya inaswe katika mipangilio kadhaa, ikiwa baridi na ikiwa imepigwa saa tatu mfululizo, kwa umeme kamili na kwa umeme mdogo. Ningeanza na za rithimu. Wapiga solo wengi walizitunza za kwao, wakaziweka chini ya kitambaa. Za rithimu zilibaki kumbini, zinapigwa na kila anayekuja, na ndizo zinazouzwa kwanza kama chuma chakavu.