Tazama Chujio, Usitazame Ndoo

Muuzaji wa saikloni hukimbilia kukuonyesha ndoo. Atawasha mashine, atafyonza rundo la maranda mbele ya macho yako, kisha atafungua ndoo ya chini uone ilivyojaa. Ni maonyesho yanayopendeza, na mimi mwenyewe yaliwahi kunitoa fedha. Miezi miwili baadaye chujio la mashine yangu ya kufyonza lilikuwa limeziba kabisa, na kila nilipopiga msasa karakana ilinuka mninga mpaka usiku. Maranda hayaisumbui saikloni yoyote, hata iliyoundwa hovyo: ni vipande vikubwa, vikizungushwa kidogo tu vinaanguka. Saikloni hupimwa kwa vumbi la msasa, na majibu yake yako upande wa pili wa bomba, kwenye chujio.

Kwa asiyeifahamu, saikloni ni chombo cha bati au plastiki kisicho na kifaa chochote kinachozunguka ndani yake. Hewa yenye vumbi huingia ubavuni ikiambaa ukuta, na kwa kuwa ukuta ni wa duara, hewa hulazimika kuzunguka, kama chamchela iliyofungiwa ndani ya debe. Vumbi ni zito kuliko hewa, hivyo hutupwa ukutani, hupoteza mwendo na kuteremka kwenye koni hadi ndooni. Hewa iliyobaki hugeuka, hupanda katikati na kutokea juu kupitia bomba la kati kuelekea kwenye feni. Wazo lenyewe ni la zamani. Hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1885 kwa John M. Finch wa kampuni ya Knickerbocker, na viwanda vya kusaga nafaka na vya mbao vimeitumia tangu wakati huo.

Kwa nini tuhangaike na vumbi tusiloliona? Mafundi wengi wa Keko, Dar es Salaam, na wa Gikomba, Nairobi, hufanya kazi milango ikiwa wazi, nusu ndani nusu nje, na upepo huwasaidia. Karakana ya nyumbani mara nyingi ni gereji au chumba cha uani chenye dirisha moja. Humo vumbi la chini ya mikroni 10 (unywele wa mtu una mikroni 70 hivi) huelea kwa saa nyingi baada ya wewe kuzima mashine na kuvua barakoa. Mninga, mvule, msaji na mpingo, mbao tunazozipenda kwa uzuri wake, zote zinajulikana kwa kuwasha: macho, pua, ngozi, na kwa baadhi ya watu kifua. MDF, ubao wa kiwandani, hutoa vumbi laini sana, tena lililochanganyika na gundi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo, anayesema kazi ya saikloni ni kumpunguzia mtu kufagia ameelewa nusu tu ya kazi hiyo.

Sasa tuingie kwenye chombo chenyewe. Jambo la kwanza ninaloangalia ni ukubwa wa kiwiliwili ukilinganishwa na mashine itakayokivuta, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kikubwa ndicho bora. Nguvu inayolitupa vumbi ukutani hupatikana kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo, kisha kugawanya kwa nusu kipenyo. Hewa ikizunguka kwa mita 15 kwa sekunde ndani ya kiwiliwili chenye kipenyo cha sentimita 30, vumbi husukumwa kwa nguvu mara 150 hivi ya uzito wake. Kwa mwendo uleule ndani ya kiwiliwili cha sentimita 60, nguvu hiyo hushuka hadi nusu. Na kwa kweli hushuka zaidi, kwa sababu mashine ndogo ikiunganishwa na pipa kubwa haiwezi kabisa kuufikia mwendo ule. Nimeiona saikloni nzuri ya kupendeza, ndefu kunishinda mimi, imeunganishwa na mashine ya kufyonzea zulia. Ndani yake hewa ilikuwa ikitembea tu.

Mashine zenyewe ni za koo mbili, nazo zisichanganywe. Mashine ya kufyonza yenye hosi nyembamba hupitisha hewa kidogo, mita za ujazo 170 hivi kwa saa, lakini mvuto wake ni mkali. Hiyo inafaa mashine ya msasa ya mkononi na msumeno wa mkono, na inataka saikloni ndogo yenye kiwiliwili cha sentimita 15 hadi 17. Zile ndogo za plastiki zinazouzwa zikiwa tayari ni za ukoo huu. Feni kubwa ya karakana, yenye mota ya nguvu-farasi 2 au 3 ambayo umeme wa nyumbani wa fezi moja bado unaimudu, hupitisha mita za ujazo 1,200 na zaidi kwa saa kwa mvuto mpole. Hiyo ndiyo ya randa ya umeme na msumeno wa meza, na saikloni yake ni jitu.

Vipimo vya jitu hilo huna haja ya kuvibuni. Mwingereza C. J. Stairmand alichapisha mwaka 1951 uwiano ambao wahandisi bado wanautumia, na wote unatokana na namba moja, kipenyo cha kiwiliwili. Tuseme kipenyo ni sentimita 45. Mdomo wa kuingizia hewa ni mstatili, urefu wake nusu ya kipenyo, sentimita 22.5, na upana wake humusi, yaani 9. Bomba la kati lina kipenyo cha sentimita 22.5 na linashuka ndani sentimita 22.5. Sehemu iliyonyooka ya kiwiliwili ni mara moja na nusu ya kipenyo, 67.5. Urefu wote pamoja na koni ni mara nne, sentimita 180. Tundu la chini ni kama sentimita 17. Ukigawanya mita za ujazo zile 1,200 kwa eneo la mdomo huo, hewa huingia kwa mita 16 hivi kwa sekunde, na hapo saikloni inafanya kazi yake. Lakini pima dari kabla ya kwenda kwa fundi: sentimita 180 za saikloni, pipa chini yake, na feni juu.

Ukiwa na namba hizo, tepu yako inaweza kuhukumu hata saikloni ya dukani. Mdomo wa mviringo si kosa kubwa, ila wa mstatili unaoambaa ukuta huitandaza hewa vizuri zaidi. Kosa kubwa ni mdomo unaoelekea katikati ya kiwiliwili badala ya kuambaa. Huo huivunja chamchela kabla haijazaliwa. Bomba la kati lisiishie juu ya ukingo wa chini wa mdomo. Likiwa fupi, vumbi linaloingia hukata njia na kwenda moja kwa moja kwenye chujio bila kuzunguka hata mara moja. Ingiza mkono ulipapase. Wauzaji wengi hawajawahi kulipapasa.

Koni iwe ndefu na iliyonyooka, bila bonyeo. Tundu la chini likiwa jembamba mno, maranda marefu ya randa yatajikunja hapo na kujenga kizibo, na utagundua baada ya ndoo kubaki tupu na chujio kujaa. Kuna wanaotumia koni ya plastiki ya barabarani iliyopinduliwa. Kwa kujifunza inatosha. Ile sahani yenye mwanya wa nyuzi 240 inayowekwa ndani ya pipa, iliyopewa jina la Mmarekani Phil Thien, haichukui nafasi na hukamata maranda vizuri sana. Kwa vumbi la msasa, saikloni yenye koni ndefu huishinda, nami siwezi kumshauri mtu wa MDF aishie hapo.

Lakini ukiniuliza kasoro moja inayoua saikloni nyingi kuliko zote, nitakupeleka chini, mahali koni inapokutana na ndoo. Katikati ya chamchela mvuto ni mkali, na mkia wake unafika mpaka chini kabisa. Tundu dogo kama la msumari kwenye mfuniko wa ndoo huingiza hewa inayopanda katikati moja kwa moja, nayo huliokota vumbi lililokwisha kutua na kulirudisha juu. Saikloni iliyoundwa kwa hesabu kamili, ikivuja hapo, haina tofauti na bomba tupu. Fundi aliyenitengenezea ya kwanza alikuwa na mkono mzuri wa bati, mikunjo yake ungedhani ya mashine, lakini mfuniko aliukalisha juu ya ndoo bila mpira. Niliilaumu hesabu kwa wiki nzima. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichozungushwa ukingoni kilimaliza tatizo.

Kwa sababu hiyohiyo ndoo isijae. Ikifika robo tatu, imwage, maana vumbi likikaribia tundu chamchela hulifikia.

Ndoo ya rangi ya lita 20 ni nzuri kwa saikloni ndogo, lakini kumbuka mvuto. Hosi ikiziba ghafla, mashine ya kufyonza inaweza kuvuta hadi kilopaskali 20 hivi. Juu ya mfuniko wa sentimita 30 hiyo ni kama kilo 140, watu wawili wazima wamesimama hapo. Ndoo laini hujikunja kama karatasi. Weka ndoo mbili, moja ndani ya nyingine, au pete ya plaiwudi ndani.

Kwa wanaojenga, fundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, anaweza kukukunjia koni kwa ustadi usioupata kwenye boksi la dukani, maana anayekunja majiko na masanduku kila siku anaijua koni. Mpe mchoro wenye vipimo vyote, usimpe maelezo ya mdomo. Bati la paa la geji 28 au 30 ni jembamba mno. Dai geji 24 au 22. Mwambie mambo mawili ambayo hayahitajiki kwenye jiko: maungio yote yaangalie mwelekeo wa hewa, ili ukingo wa bati usilikinge vumbi, na vichwa vya ribiti viwe laini upande wa ndani. Kila kinundu cha ndani huirudisha chembe katikati ya mkondo. Pwani, paka rangi nje. Chumvi ya bahari haina huruma na bati.

Mabomba niyapitie haraka. Kwa feni kubwa tumia PVC ya inchi 6, ambayo ina nafasi mara mbili na robo ya ile ya inchi 4, na mahali pa elbo moja ya nyuzi 90 weka mbili za nyuzi 45. Feni ikae baada ya saikloni, isikae kabla, hasa kama unaranda mbao za paleti: msumari ukigonga pangaboi la chuma hutoa cheche, na cheche ndani ya vumbi ni moto.

Kabla vumbi lolote halijaingia, washa feni na upitishe kijiti cha udi kinachofuka kwenye kila ungio. Moshi ukivutwa ndani, pana tundu, weka silikoni. Usiku, ingiza tochi ndani na uzime taa. Nyota zitakazoonekana kwenye bati zizibe zote.

Kisha mtihani wenyewe. Pima kilo moja ya vumbi la msasa kwenye mizani ya jikoni, safisha chujio au uweke mfuko mpya uliopimwa, fyonza vumbi lote polepole, halafu pima upande wa chujio. Usipime ndoo, kwa sababu vumbi lililobaki kwenye hosi litakudanganya. Mimi hukubali gramu 10 au pungufu. Ikifika gramu 30 natafuta uvujaji, na ikizidi 50 siichukui hata ikiwa imepakwa dhahabu.

Hata iliyofaulu haikamati kila kitu. Chini ya mikroni 5 saikloni huanza kushindwa, na hapo chujio la kweli linahitajika, au njia ambayo sisi wa hali ya hewa yetu tumejaliwa: itupe hewa nje. Seremala wa Canada akifanya hivyo wakati wa baridi, joto la nyumba yake lote linatoka nayo. Sisi wa Dar es Salaam hatupotezi kitu. Fungua dirisha la upande wa pili ili hewa mpya iingie, na lielekeze bomba mbali na kamba ya nguo za jirani. Maranda ya mbao safi mpe mfugaji wa kuku. Ya MDF na ya mbao zilizotiwa dawa usimpe kamwe.

Siku utakapokwenda kununua, beba tepu, tochi na mfuko wa vumbi lako mwenyewe la msasa. Muuzaji akikukatalia kulijaribu, rudi nyumbani na fedha yako.