Mambéty: mkato wa 1973, duara la 1992

Djibril Diop Mambéty wa Senegal alifariki mwaka 1998 akiwa ameacha filamu ndefu mbili tu, Touki Bouki (1973) na Hyènes (1992). Fisi yumo katika majina yote mawili, na uroho wake umo katika hadithi zote mbili. Hata hivyo, mtu akizitazama mfululizo anaweza kuapa kwamba waongozaji ni wawili.

Touki Bouki ilizaliwa mezani pa mhariri. Mory na Anta wanasaka nauli ya meli ya kwenda Ufaransa. Hadithi ni hiyo tu. Utamu uko kwenye maungio. Tunaingizwa machinjioni, damu ya ng'ombe inatapakaa, halafu anatokea Mory juu ya pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe mbele. Hakuna anayetueleza lolote. Picha mbili zimegonganishwa, maana tujitafutie. Wapenzi wanapokutana kando ya bahari, tunapewa mkono ulioshika chuma cha pikipiki, mawimbi yanayopiga mwamba, na sauti ya Anta. Mwimbaji Josephine Baker naye anaiimba Paris tena na tena kama santuri iliyokwama, huku machoni tuna vumbi la Dakar. Sauti na picha zinagombana makusudi.

Katika Hyènes ugomvi huo umekwisha. Mambéty ameuchukua mchezo wa kuigiza wa mwandishi Dürrenmatt na kuupeleka mji wa Colobane: Linguère Ramatou, tajiri kupindukia, anarudi na kuahidi fedha nyingi endapo mji utamuua Draman, mwenye duka aliyemkana ujanani. Kamera imetulia, shoti ni ndefu, watu wamepangwa kama jukwaani. Kazi ya mhariri sasa inafanywa na maleba. Wote wanasema hawatamsaliti Draman, lakini mmoja baada ya mwingine wanaonekana na viatu vipya vya manjano kutoka Burkina Faso, vya mkopo. Mkopo utalipwa na nini? Draman anatazama miguu yao, anaelewa. Mimi ningeishia hapo. Mambéty anaongeza wanyama. Mwenyewe alieleza kwamba fisi aliwatoa Uganda na tembo Kenya, ili filamu iwe ya bara zima. Nia ni njema, ila fisi wanarudia yale ambayo viatu vimeshasema.

Mauaji ya Draman ndiyo yanayoonyesha kwa nini ilimbidi abadili mbinu. Ndoto ya vijana wawili inaruka huku na kule, nayo mikato ya haraka inaifaa. Kosa la mji mzima halikatiki hivyo: ukiikata picha ukauonyesha mkono mmoja, umempata muuaji, na waliobaki wametakasika. Kwa hiyo Mambéty anawaweka wote ndani ya fremu moja, wamevaa magunia ya mchele. Wanamzunguka Draman, wanasongamana, wanatawanyika. Chini limebaki koti lake, na hatujui ni nani aliyemgusa kwanza.