Mbu wa Masika: Furaha ya Nyumbani na Mapito ya Majira katika Maandishi Matatu ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelipitia kwa haraka, nalo ni furaha ya nyumbani. Hatukusudii ndoa kama taasisi wala familia kama kitengo cha uchumi, kwani mada hizo zimeshughulikiwa kwa kirefu. Tunakusudia vile vitu vidogo vinavyomfanya mtu aseme kuwa hapa ni kwetu: taa iwakayo ukumbini, maji yaliyopoa mtungini, kicheko cha waliotangulia kinachokumbukwa na waliobaki, na harufu ya udongo mvua ya kwanza ya masika inapoanguka.

Sababu za kupuuzwa kwa jambo hili zinaeleweka. Uhakiki uliochipuka Afrika Mashariki baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na ambao katika miaka ya 1970 na 1980 uliegemea sana nadharia ya Kimarx, ulipima kazi ya fasihi kwa nafasi yake katika harakati za kitabaka. Kwa kipimo hicho, mwandishi aliyekaa nyumbani kwake akafurahia kubadilika kwa majira alionekana kama mtu aliyeukimbia uwanja wa mapambano. Uhakiki huo ulitufaa. Ulitufundisha kuuliza nani anatenda kazi na nani anakula. Hata hivyo, ulituachia pengo. Ikiwa watu wanapigania maisha mema, basi fasihi inayoeleza maisha hayo mema yana sura gani haiwezi kuwa porojo.

Hoja yetu ni kwamba furaha ya nyumbani, katika maandishi matatu tunayoyachunguza, ni dhamira kamili yenye uzito wa kimaadili, na kwamba kila mwandishi anaifikia kwa kuikabili hasara fulani. Papo hapo tutaonyesha kuwa kila moja ya kazi hizo inaficha, kwa kiasi chake, mikono inayoizalisha furaha hiyo. Maandishi yenyewe ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, na riwaya ya Shaaban Robert, Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968.

2.0 Majira kama kipimo cha nyumba

Ni vyema tuanze na majira yenyewe. Neno msimu limetokana na Kiarabu mawsim, na katika upwa wetu halikuwa neno la hali ya hewa tu. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi ilipoingia, yalirejea. Masika yalifunga bahari na kufungua mashamba. Kipupwe kilileta baridi na wepesi wa mwili, kisha vuli ikaja na mvua chache za kujaliza. Juu ya hayo, mabaharia na wakulima walikuwa na mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Mkulima aliyejua yuko katika mwongo upi alijua pia apande nini.

Kutokana na hali hiyo, nyumba ya Mswahili ilifuata majira katika shughuli zake nyingi. Kusafiri, kuoa, kupanda na kuezeka, yote yalikuwa na wakati wake. Mtu alimkumbuka babaye kwa kaskazi aliyosafiri na nyanyaye kwa masika aliyofariki. Kwa hiyo mhakiki anayekutana na upepo au mvua katika kazi ya fasihi ya pwani asiharakishe kuandika kuwa hiyo ni mandhari tu. Huenda yuko mbele ya kalenda ya kumbukumbu za familia.

Methali inasema kuwa hakuna masika yasiyo na mbu. Wengi huitumia kumfariji aliyepatwa na usumbufu, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya furaha. Haisemi kuwa masika ni mabaya, wala haikani kuwapo kwa mbu. Inasema kuwa neema na kero huja kwa mlango mmoja. Tutaitumia methali hii kuzipima kazi zetu tatu.

3.0 Nyumba iliyokuwa: Al-Inkishafi

Al-Inkishafi, iliyotungwa takriban mwanzoni mwa karne ya 19, husomwa kama shairi la kuikana dunia. Mshairi anauhutubia moyo wake na kuuonya usidanganyike na anasa, kisha anauonyesha magofu ya Pate kuwa ushahidi. Usomaji huo ni sahihi, ila una upungufu mmoja: hauelezi kwa nini shairi linaloikana dunia linaijua dunia hiyo kwa undani kiasi hicho.

Tazama jinsi mshairi anavyoingia katika nyumba za wakwasi. Anazikumbuka taa za kioo na za shaba zilizougeuza usiku kuwa kama mchana. Anavikumbuka zidaka ukutani vilivyopangwa vyombo vya kauri. Anavikumbuka vitanda, mito, na waimbaji waliowatumbuiza wenyeji hadi usingizini. Kisha, bila ya kuinua sauti, anaonyesha waliorithi: makinda ya popo yaning'iniayo juu, ndege walalao katika zidaka, bundi na mende. Msomaji makini ataona kuwa kila mrithi amewekwa mahali maalumu palipokuwa na furaha maalumu. Ndege hawaoti kiota mahali popote. Wanalala palepale ilipokaa sahani. Ni kumbukumbu ya mtu aliyeijua nyumba, anayeweza kuipitia chumba kwa chumba akiwa amefumba macho.

Aidha, vyombo vile vya kauri vililetwa na msimu. Pepo zilizoijaza Pate ziliendelea kuvuma Pate ilipokwisha kuanguka, na hapo ndipo palipo na uchungu wa shairi hili. Kaskazi hurudi kila mwaka, wenyeji hawarudi. Wakati wa majira ni duara, wakati wa ukoo ni mstari, na nyumba husimama pale viwili hivyo vinapokutana. Nyumba inapobomoka, duara hubaki likizunguka bila wa kulipokea. Kwa maoni yetu, Al-Inkishafi ina nguvu ya kumwonya msomaji kwa kuwa kwanza imempendezesha. Mtu haombolezi kitu ambacho hakikuwa na thamani.

Lakini tuitimize ahadi yetu ya kuuliza habari za mikono. Katika kuorodhesha raha za mabwana, mshairi anawataja wakandaji na wapepezi waliowahudumia walalapo. Wametajwa kwa kazi zao tu, sambamba na mito na vitanda. Yanapofika maswali mashuhuri ya wako wapi fulani na fulani, wanaoulizwa ni wakubwa. Aliyeshika pepeo haulizwi alikwenda wapi. Shairi linalotufundisha kuwa mauti ni sawa kwa wote halikuweza kuugawa usawa huo katika kumbukumbu. Huyu ndiye mbu wa masika ya Pate, na mshairi hakumsikia.

4.0 Nyumba inayorithishwa: Utendi wa Mwana Kupona

Mwana Kupona aliutunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, miaka miwili hivi baada ya kifo cha mumewe Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Mjadala juu ya utendi huu umekuwa mkali. Wapo wanaouona kuwa hati ya kumtiisha mwanamke. Wapo, kama Ann Biersteker katika makala aliyoyatoa mwaka 1991, waliohimiza kuwa usomwe upya kwa kuzingatia uwezo wa lugha yake. Hatuna nia ya kuuamua mjadala huo hapa. Tungependa kuonyesha sehemu moja ambayo pande zote mbili huigusa kwa wepesi.

Katikati ya wasia wake, mama anaacha kuamrisha na kuanza kukumbuka. Anaisimulia ndoa yake, anataja kicheko na heshima, na kuthibitisha kuwa hakukuwa na ugomvi hadi siku ya kutengana. Kimuundo, sehemu hii ni ya ajabu. Utendi wa wasia hutegemea mamlaka ya dini na umri, na Mwana Kupona anayo yote mawili. Hata hivyo, anaona hayatoshi. Anahitaji kumwambia bintiye kuwa haya ninayokuagiza yaliwahi kuleta furaha, na mimi nilikuwapo. Kumbukumbu ya familia inageuzwa kuwa hoja.

Yafaa pia kutazama vitu ambavyo furaha hiyo imeundwa navyo: usafi wa chumba, sauti iliyoshushwa aliyelala asishtuke, ukaribisho wa wageni na jamaa. Hakuna kaskazi wala kusi hapa. Majira ya utendi huu ni ya siku moja, asubuhi hadi usiku, yakirudiwa umri mzima. Mume anaweza kuwa ndiye anayesafiri na msimu, lakini mke ndiye anayeitengeneza siku. Tofauti na Al-Inkishafi, ambamo mikono imekuwa sehemu ya samani, hapa mikono ndiyo maudhui. Tunajua nani anasafisha na nani anatandika.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kuwa utendi huu unaificha kazi ya mwanamke kwa kuipamba. Utendi unaitaja kazi hiyo moja moja. Kinachofichwa ni uchovu. Mwana Kupona, akiwa kitandani mwa maradhi, anaieleza kazi ya nyumba kana kwamba haichoshi, na huenda hakuwa na budi: wasia haukusudiwi kumkatisha tamaa anayeupokea. Lakini mhakiki si mrithi. Ana wajibu wa kuuliza furaha hii ilimgharimu nini aliyeitengeneza, na kwa nini gharama hiyo haikupata ubeti wake.

5.0 Nyumba inayochaguliwa: Utubora Mkulima

Kwa Shaaban Robert tunaingia katika hali nyingine. Utubora anaacha kazi ya mshahara kwa tajiri Makuu mjini Unguja na kwenda kulima Busutamu. Majina peke yake yanatosha kumwonyesha msomaji njia: utu ulio bora unaachana na makuu na kwenda mahali penye jina la mapenzi. Tusisahau pia kuwa mwandishi mwenyewe, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika ukarani wa serikali ya kikoloni. Katika mfumo ule kalamu ilikuwa juu na jembe chini. Kumwandika karani anayeshuka kwa hiari na kuiita hali hiyo kupanda kulikuwa ni kuupindua mfumo mzima wa thamani, ingawa kwa sauti ya upole.

Mikhail Bakhtin, katika maelezo yake juu ya wakati na mahali katika riwaya, alionyesha kuwa usimulizi wa maisha ya utulivu wa shambani huunganisha mambo machache ya msingi, yaani kazi, chakula, mapenzi, kuzaliwa na kufa, katika mahali pamoja na chini ya mzunguko mmoja wa maumbile. Maelezo hayo yanaifaa Utubora Mkulima. Kwa Utubora majira si kumbukumbu ya walioondoka wala ratiba ya wanaohudumia. Ni mwenzi wa kazi. Anayelima mwenyewe hungoja mvua kwa namna ambayo mwenye mshahara hawezi, na furaha ya mavuno ni yake kwa kuwa kungoja kulikuwa kwake.

Hapa panatokea suluhisho la tatizo tulilolifuatilia. Al-Inkishafi inawasahau wanaotenda, Utendi wa Mwana Kupona unaficha uchovu wao, na Shaaban Robert anamfanya mwenye furaha kuwa ndiye mwenye kutenda. Kwa kipimo hicho riwaya hii ni ya kimapinduzi kuliko walivyokiri wahakiki walioiona kuwa ndoto.

Lakini tusimalize upesi. Raymond Williams, katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya shamba na mji katika fasihi ya Uingereza, alituonya kuwa sifa za maisha ya shambani mara nyingi hutolewa na wale wasiolazimika kuyaishi. Kuna methali isemayo mchagua jembe si mkulima, ikimkejeli mvivu anayebagua majembe ili asilime. Tukiipindua kidogo inamgusa Utubora: yeye amelichagua jembe. Msomaji wa Kenya, anayekumbuka jinsi ardhi ilivyotwaliwa na wazee wake wakageuzwa maskwota katika mashamba yaliyokuwa yao, hawezi kuisoma safari ya kwenda Busutamu bila kuuliza juu ya hati ya shamba. Kwa wakulima wengi wa kizazi kile jembe halikuwa chaguo, na kuikimbia njaa ya mashambani ndiko kulikowapeleka mjini. Furaha ya Utubora ni ya kweli. Ila imejengwa juu ya uhuru wa kuondoka, uhuru ambao jirani yake wa kawaida hakuwa nao.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa kazi hizi tatu zinaiweka furaha ya nyumbani katika nyakati tatu: iliyopita na kuombolezwa, inayorithishwa kwa wasia, na inayochaguliwa kwa jasho. Katika zote, furaha hiyo inahusiana na hasara: kuanguka kwa mji, kifo cha mume, kuachwa kwa cheo. Wanaoiita kimbilio wametazama mlango wa kuingilia tu, bila kuuliza mwandishi alikuwa ametoka wapi.

Dhamira hii haikukoma kwa Shaaban Robert. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Kongowea anaondoka Tanga baada ya kufiwa na mamaye aliyekuwa mwimbaji wa taarab, na kumtafuta babaye hadi Kitale. Nyumba yake si gofu, si wasia, si shamba. Ni kitu anachokiendea kwa miguu huku amebeba kumbukumbu ya sauti ya mama. Hapo pana nafasi ya utafiti mwingine kwa wanafunzi wetu.

Kwa sasa tunapendekeza jambo moja la kimbinu. Mhakiki akutanapo na taa, sahani, kitanda au mvua ya kwanza katika maandishi ya Kiswahili, asivipite kana kwamba ni mapambo. Aulize vilikuja na msimu gani, vinakumbukwa na nani, na vilisafishwa na nani. La kwanza litampa historia, la pili hisia, na la tatu haki. Mhakiki anayeuliza la tatu pekee atawasikia mbu asiyaone masika, na anayeishia kwenye mawili ya kwanza atayasifu masika ya nyumba ambayo wengine ndio walioumwa na mbu wake.