Chomeka na Chomoa: Juu ya Lugha ya Kuelezea Mabadiliko ya Elektrodi katika Betri za Lithiamu

Kiswahili cha betri ni Kiswahili cha mtungi. Betri hujazwa, hujaa, hupungua, huisha. Simu "hula chaji" kama watu wa nyumbani walavyo akiba ya ghalani, na siku ya mwisho betri "hufa". Maneno haya yamezoeleka tangu zama za tochi na redio, wala hayana ubaya wowote sokoni. Ubaya waanza yanapopelekwa, bila ya kupimwa, katika vitabu vya kufundishia na katika tafsiri za kitaalamu, kwani hapo msomaji hufahamishwa jambo lisilo kweli: kwamba betri ni chombo, na kwamba chombo hicho hubaki vile vile, kiwe kimejaa au ki kitupu.

Betri ya lithiamu haiko hivyo. Msingi wake uliwekwa na kazi za M. Stanley Whittingham katika miaka ya 1970, za John B. Goodenough mwaka 1980, na za Akira Yoshino mwaka 1985. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ioni za lithiamu huingia katika nafasi zilizomo ndani ya yabisi yenyewe, kisha hutoka. Upande mmoja wa betri mara nyingi huwa ni kinywe, madini yapatikanayo Mahenge na Lindi, ambayo ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana kama kurasa za kitabu. Betri ikichajiwa, lithiamu hujipenyeza baina ya matabaka hayo mpaka kila atomu sita za kaboni zipate moja ya lithiamu. Umbali wa tabaka na tabaka huongezeka kutoka kiasi cha nanomita 0.335 mpaka 0.37, na matabaka ambayo kwanza yalikuwa yamepishana huteleza yakakaa sawasawa, moja juu ya jingine. Hapana mtungi ambao kuta zake husogea kwa kutiwa maji.

Upande wa pili hali ni ngumu zaidi. Katika betri za kwanza kutiwa sokoni, zilizotolewa na Sony mwaka 1991, elektrodi ya upande huo ilikuwa ni oksidi ya lithiamu na kobalti. Kwanza, betri "inapojaa", elektrodi hii ndiyo inayopungukiwa, kwa hiyo neno moja "kujaa" lasema kinyume cha kweli kwa nusu ya kitu kinachosemwa. Pili, lithiamu ianzapo kutolewa, matabaka hayakaribiani kama mtu angalivyotazamia. Huachana zaidi, kwa sababu oksijeni za pande mbili, zikikosa kile kilichokuwa kikizituliza, husukumana. Lithiamu ikizidi kutolewa mambo hugeuka: matabaka huteleza, hubanana, na chembe za fuwele huweza kupasuka. Ndiyo maana betri hizo zilipangwa kutumia kiasi cha nusu tu ya lithiamu iliyomo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa lugha ya mtungi hawezi kufahamu kwa nini nusu nyingine haiguswi. Kwake yeye, maji yaliyobaki mtungini yangalifaa kunywewa.

Lugha za Ulaya nazo hazikusalimika. Zimeitwaa istilahi ya Kilatini iliyohusu kutia siku au mwezi wa ziada katika kalenda, na baadhi ya wataalamu wake wameipa betri jina la kiti cha bembea, kwa kuwa ioni huenda na kurudi. Jina hilo lapendeza, lakini lina kosa lile lile la mtungi, maana kiti hubembea na mbao zake hazibadiliki.

Kiswahili chaweza kufanya vizuri zaidi kwa mali yake chenyewe. Kuna jozi ya vitenzi *chomeka* na *chomoa*, yenye mzizi mmoja, ambayo yafanana na *funika* na *funua*, *bandika* na *bandua*. Husemwa kwamba jozi hii imekwisha kupewa kazi ya waya wa chaji na ukutani. Hilo si kizuizi kikubwa: *kuchomekwa kwa ioni* hakuwezi kuchanganywa na kuchomekwa kwa waya. Pingamizi iliyo nzito ni nyingine. Kauli ya kutendua, yasemwa, huahidi kurudisha kitu kilivyokuwa, ilhali elektrodi hairudi kamwe kama ilivyokuwa.

Pingamizi hiyo yatokana na kuisoma sarufi kwa haraka. Tazama *anika* na *anua*. Nguo iliyoanikwa ikaanuliwa imerudi mikononi, lakini imekauka. Kauli ya kutendua hutengua mahali pa kitu. Hali iliyoachwa na tendo la kwanza haiihusu. Na hivyo ndivyo yalivyo mambo ya elektrodi: lithiamu huchomolewa, nyufa hubaki.

Lakini jozi hii isipewe kazi isiyo yake. Silikoni, ambayo sasa huchanganywa na kinywe katika baadhi ya betri, haina matabaka ya kuchomekwa kitu. Lithiamu huivunja fuwele yake na kuungana nayo, na ujazo wake huweza kufikia mara tatu na zaidi ya ule wa kwanza. Ikitolewa, silikoni husinyaa bila ya kuipata tena ile fuwele. Hapo *kufumua* ndilo neno. Kadhalika *kuvimba* kumebebeshwa mizigo miwili. Betri ya simu inayoinua kifuniko mara nyingi imevimba kwa gesi, na hiyo ni hitilafu. Elektrodi *hutanuka* na *kunywea* kila siku katika kazi yake ya halali. Mfasiri atumiaye *kuvimba* kwa yote mawili humtisha msomaji bure, au humtuliza palipo na hatari.

Ajabu ni kwamba msemo ulio karibu zaidi na ukweli haukutoka kwa wataalamu. Watu husema simu "haikai na chaji". Kitenzi *kaa* huleta fikra ya makazi, nayo humpa mwalimu swali la kuuliza: je, makazi yamebomoka, au wakaaji wamepotea njiani? Yote mawili hutokea. Katika kinywe, la pili ndilo kubwa: tangu chaji ya kwanza sehemu ya lithiamu hunaswa katika utando unaojengeka juu ya uso wa elektrodi, na kila ufa mpya huufungulia utando huo uso mwingine wa kufunika.