Mwana wa Mhunzi

Kuna swali ambalo kila msanii kijana hukutana nalo, nalo ni hili: nikivua yote niliyojifunza kwa wengine, kitabaki nini kilicho changu? Wengi hulikwepa. Huona ni salama zaidi kuongeza ala, kuongeza ufundi na kuongeza mbio, wakidhani kuwa wingi wa vitu utafunika ukosefu wa sauti. Nataka kulitazama swali hilo kwa kuichunguza bendi moja ya Norway iitwayo Leprous, na hasa albamu zake mbili, Bilateral ya mwaka 2011 na Coal ya mwaka 2013. Najua kwamba muziki wa metali si chakula cha kila msomaji. Wapo watakaosema ni kelele tupu. Hao nawaomba subira kidogo, maana jambo ninalolizungumzia haliishii katika kelele hizo.

Leprous ilizaliwa mwaka 2001 katika Notodden, mji mdogo wa mkoa wa Telemark, kusini mwa Norway. Ni mji wa viwanda. Kampuni ya Norsk Hydro ilianza huko kutengeneza mbolea mwanzoni mwa karne ya 20 kwa umeme wa maporomoko ya maji, na mwaka 2015 majengo hayo ya zamani, pamoja na yale ya Rjukan, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mji una pia tamasha kubwa la bluzi, lililoanza mwaka 1988. Lakini kwa wapenzi wa metali, jina la Notodden humkumbusha mtu mmoja, Vegard Sverre Tveitan, ajulikanaye zaidi kwa jina la Ihsahn. Yeye ndiye aliyeiongoza Emperor, mojawapo ya bendi kuu za blaki metali, tawi lile lililoipa Norway sifa na aibu kwa pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale makanisa yalipochomwa moto na watu wakauawa. Emperor ilivunjika mwaka 2001, mwaka uleule ambao vijana wa Leprous walianza.

Baina ya mkubwa huyo na vijana hawa palikuwa na zaidi ya ujirani. Mke wa Ihsahn ni dada yake Einar Solberg, mwimbaji na mpiga kinanda wa Leprous. Emperor iliporudi jukwaani kwa muda mwaka 2006, Solberg ndiye aliyepiga kinanda. Na Ihsahn alipoanza kufanya maonyesho kwa jina lake mwenyewe, Leprous nzima ilisimama nyuma yake kama bendi yake. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Vijana hawa walivuvia miaka kadhaa, na hapana shaka walifaidika: walijua namna ya kuandaa onyesho, namna ya kusafiri, na namna ya kucheza kwa nidhamu nyimbo zisizo zao.

Walakini karakana ya mhunzi mkubwa ina hatari yake. Moto ni wake, nyundo ni zake, na wateja wanaoingia mlangoni wanamtafuta yeye. Kijana anaweza kukaa humo hadi mvi zimwote bila ya kufua hata kisu kimoja chenye alama yake.

Leprous walikuwa na mzigo wa pili, nao ni ule wa tawi walilolichagua. Roki ya progresivu ilitokea Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na baadaye ikachanganyika na metali. Jina lenyewe linadai kwenda mbele. Nyimbo huwa ndefu, mapigo huhesabiwa kwa tano au saba badala ya nne zilizozoeleka, na wimbo mmoja waweza kubadilika mara sita kabla ya kwisha. Lakini kila uasi ukizeeka huwa mila. Kufikia mwaka 2000 palikuwa na bendi nyingi ambazo maendeleo yao yote yalikuwa ni kurudia kwa uaminifu mkubwa yale waliyoyafanya wakubwa wao. Kijana aliyetaka kusifiwa alijua la kufanya: apige upesi, abadili mapigo, arefushe wimbo.

Albamu ya Tall Poppy Syndrome ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Leprous wanaliweza hilo. Bilateral ikaonyesha kwamba wanaliweza kupita kiasi. Ina nyimbo kumi, na ndani yake mna karibu kila kitu. "Forced Entry" inapita dakika kumi na kugeuka mara nyingi njiani. "Mb. Indifferentia" ni ya polepole na yenye huzuni. "Waste of Air" inarusha ngumi kuanzia pigo la kwanza. Mahali pamoja inaingia tarumbeta, mahali pengine Solberg anaacha kuimba na kunguruma kama mnyama. Hata jalada lake limejaa rangi na mambo ya ajabu, mithili ya ndoto ya mtu mwenye homa.

Naipenda albamu hii, wala sifichi. Ina furaha ya vijana waliogundua kwamba mikono yao inaweza kufanya lolote ambalo vichwa vyao vinaliwaza. Ina hata mzaha, kitu adimu katika muziki unaojiona mzito. Lakini kila ninapoisikiliza huishia na mshangao uleule: nimefurahishwa sana, na bado sijui nimezungumza na nani. Ni kama mgeni aliyetueleza habari za nchi ishirini alizotembelea, akaaga, nasi tusijue kwao ni wapi.

Bilateral ilisifiwa, na sifa ni mtihani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Njia rahisi ilikuwa kutoa Bilateral ya pili, yenye mambo mengi zaidi. Leprous wakafanya kinyume. Coal ina nyimbo nane tu, na badala ya rangi zote zile tunapewa rangi moja, ile ya makaa iliyotajwa katika jina lake. "Foe", wimbo wa kwanza, unashika wazo moja zito la muziki na kuling'ang'ania, huku sauti zikipandana juu yake kama kwaya. Msikilizaji aliyezoea Bilateral anangoja wimbo ugeuke. Haugeuki. Anapokata tamaa ya kungoja ndipo anapoanza kusikia kwa kweli: namna ngoma zinavyohama kidogo, namna sauti inavyoongezewa uzito kila inaporudi.

Kilele cha jambo hili, kwa maoni yangu, ni "The Cloak". Ni wimbo wa kama dakika nne, wa polepole, wenye umbo ambalo hata mtoto angeweza kulifuata. Humo hamna gitaa la kujionyesha wala mapigo ya kuhesabiwa vidoleni. Kuna sauti ya Solberg inayopanda hadi mahali ambapo wanaume wengi hawafiki, na bendi inayomwachia nafasi. Kwa wapigaji wenye uwezo wa kupiga "Forced Entry", kukaa kimya namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kupiga. Fundi mwenye zana mia anapochagua moja, uchaguzi huo unatwambia yeye ni nani kuliko zana zote mia zikiwa mezani.

Jambo jingine linahusu mhunzi mwenyewe. Ihsahn anasikika katika albamu zote mbili. Katika Bilateral sauti yake inakuja mapema, katika "Thorn", wimbo wa nne, ikiwa kiungo kimoja zaidi katika chungu kilichokwisha kujaa. Katika Coal hasikiki hadi wimbo wa mwisho, "Contaminate Me". Nyimbo saba zimekwisha kupita, nyumba imekwisha kujengwa na wenyewe tumekwisha kuwafahamu, ndipo mwalimu anapobisha hodi na kupiga ukelele wake wa kale. Sijui kama walipanga hivyo, lakini maana yake inasikika: sasa mkubwa ndiye mgeni, na anakaribishwa kwa heshima katika nyumba isiyo yake.

Coal haikukamilika kila mahali. Kurudia kuna mpaka wake. Katika "Echo", inayokaribia dakika kumi, nahisi bendi imelipenda wazo lake kuliko linavyostahili. Aliyekwisha kujifunza kupunguza vitu hana budi kujifunza pia kupunguza muda. Tena kile kicheko cha Bilateral kimetoweka, na katika albamu zilizofuata sijakisikia kikirudi vilevile. Hii ni hasara halisi. Wanaosema kwamba msanii akijipata hapotezi chochote hawajamtazama msanii kwa karibu.

Tangu hapo Leprous wameendelea kuvua. Mngurumo ulipungua, na kufikia Malina ya mwaka 2017 ulikuwa umeachwa. Pitfalls ya mwaka 2019, iliyotokana na sonona na wasiwasi vilivyompata Solberg, iliweka kando sehemu kubwa ya metali yenyewe, na mashabiki wengi walilalamika kwamba bendi yao imewasaliti. Katika Aphelion ya mwaka 2021 mngurumo ulirudi katika wimbo mmoja, "Nighttime Disguise", na wimbo huo ulitungwa kwa kufuata kura za mashabiki. Halafu Melodies of Atonement ya mwaka 2024 ikaacha vinanda vya nyuzi vilivyokuwa vimezoeleka kwao. Kila walipokipata kitu kikawazoea, walijiuliza kama bado wanakihitaji.

Nayaelewa malalamiko ya mashabiki. Aliyeipenda Bilateral alipenda karamu, kisha akaalikwa kwenye meza yenye sahani moja. Lakini neno usaliti silikubali. Msaliti huacha kilicho chake ili apate cha wengine. Vijana wa Notodden waliacha kimoja baada ya kimoja vile walivyovikuta kwa wengine, yaani ukelele wa blaki metali na mbwembwe za progresivu. Kilichobaki ni sauti ya juu yenye maumivu, mapigo yanayotembea chini yake bila ya kutulia, na uvumilivu wa kulikalia wazo moja mpaka litoe siri yake. Ukisikia nusu dakika ya vitu hivyo vitatu vikiwa pamoja, huhitaji kuuliza ni nani wanaopiga. Alama hiyo haikuwamo katika Bilateral pamoja na utajiri wake wote. Ilianza kuonekana katika Coal, pale walipothubutu kupiga kidogo.