Ala ya Simu

Hewa ya Shanzu, pwani ya Mombasa, haina huruma na vitu vya dukani. Kufuli iliyonunuliwa mwezi wa Ramadhani huwa imeshika kutu kabla ya Iddi ya kuchinja. Zipu ya begi hugoma katikati ya safari, na vyuma vya madirisha katika nyumba zilizo karibu na ufuo hupakwa rangi kila mwaka na bado vinaliwa. Kwa hiyo anayeniuliza kava gani ya ngozi inafaa kwa simu yake, mimi humuuliza kwanza anakaa wapi na simu yenyewe huiweka wapi. Ushauri mwingi kuhusu ngozi umetoka nchi za baridi, ambako watu huogopa isije ikakauka na kupasuka, wakawa wanaipaka mafuta kila uchao. Shida yetu sisi ni kinyume cha hiyo. Ngozi yetu hulowa jasho la mfukoni, hunyonya chumvi, na ikisahauliwa kabatini msimu wa masika, huota ukungu.

Wala si jambo la anasa. Tangu Safaricom ilipozindua huduma ya pesa kwa simu, M-PESA, mwezi Machi 2007, simu imekuwa kibeti. Bibi zetu walifunga sarafu kwenye pindo la leso, fundo ambalo mwizi hakuweza kulifungua bila mwenyewe kuhisi. Wajukuu wao hutembea na kodi ya nyumba, karo ya watoto na nauli ya tuktuk nyuma ya kioo kinachoweza kupasuka kikianguka kutoka kitandani. Halafu kioo hicho tunakivisha plastiki ya shilingi mia mbili, inayong'aa wiki ya kwanza na kugeuka njano kabla mwaka haujaisha.

Pwani hii ilikuwa na ufundi wa kuvisha vitu vya thamani ngozi zamani sana kabla ya simu. Jambia lilikuwa na ala yake. Hirizi ilikuwa karatasi yenye aya, iliyokunjwa ikakunjika, ikashonewa ndani ya kipande cha ngozi na kuvaliwa shingoni au mkononi kwa miaka. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Ulisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, na ulisifika pia kwa kazi za ngozi, viatu vikiwemo. Ukiitazama hirizi ya zamani kwa jicho la fundi, unaona matatizo yaleyale ya kava ya simu: kitu kilicho ndani ni bapa, kina pembe nne, hakipendi maji, na mvaaji hataki kimchome ubavuni. Fundi alilazimika kuipara ngozi kwenye mikunjo, yaani kuipunguza unene kwa kisu mpaka ikubali kulala, maana ngozi nene ikikunjwa mara mbili pembeni hufanya kinundu. Tofauti ni moja. Hirizi ilishonwa isifunguliwe, ilhali simu tunaifungua usiku kucha.

Sasa twende ufuoni. Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sina hakika aliyeitunga alipata kukaa mbele ya hoteli za Shanzu akipitiwa na wachuuzi wa mikoba, mikanda na vifuko. Siwalaumu, ni riziki yao, na baadhi ya mali yao ni nzuri. Lakini vingi vya vifuko vinavyopigwa muhuri wa "ngozi halisi" havina haki kamili ya sifa hiyo. Ngozi ya ng'ombe ni nene, na kiwandani hupasuliwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililoshika manyoya, ndilo lenye nyuzi zilizosukana kwa kubanana, na ndilo lenye nguvu. Tabaka la chini ni legelege. Hupakwa rangi nzito na kugandamizwa vinyweleo vya uongo, kisha huuzwa kwa jina lilelile. Chini ya hapo ipo takataka ya ngozi iliyosagwa ikagandishwa kwa gundi, ambayo jasho la Mombasa huibandua vipande vipande. Na chini kabisa ni plastiki tupu.

Kuvitambua si kazi ngumu. Vinyweleo vya kweli havikupangwa mstari; vimesongamana hapa, vimeachana pale, na pengine pana kovu la mwiba au alama ya kupe. Mimi hupenda kovu, kwa sababu mashine ya kuiga haijishughulishi kuiga aibu. Geuza kifuko utazame upande wa ndani: ngozi ina manyuzinyuzi, plastiki ina kitambaa. Ikunje: ngozi nzuri hufanya mistari myembamba, kisha ikiachwa hurudi. Muuzaji akikubali, chukua uzi mmoja uliochomoza upande wa nyuma uuguse kwa moto. Ngozi hunuka nywele zilizoungua. Asipokubali, hilo nalo ni jibu.

Swali la pili ni jinsi ngozi ilivyosindikwa, na hapa wauzaji wengi hawana habari. Njia ya kale hutumia magome ya miti yenye tanini. Kwetu Afrika Mashariki gome lililotumika sana ni la miwati, miti iliyotoka Australia ikapandwa katika nyanda za juu za Kenya na huko Njombe, Tanzania. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, hata miezi. Njia ya pili hutumia chumvi za kromu. Ilipata hataza ya Augustus Schultz huko Marekani mwaka 1884, huchukua muda mfupi sana, na leo ngozi nyingi duniani hupita humo. Ngozi ya kromu ni laini na huvumilia maji. Hata ikitiwa katika maji yanayochemka haijikunji. Ile ya magome hujikunja vibaya ikichemshwa, na katika unyevu wa pwani hushika ukungu upesi zaidi. Lakini ndiyo inayokubali kufinyangwa ikiwa imeloweshwa, ndiyo inayong'arishwa ukingo, na ndiyo inayobadilika rangi kadiri mkono unavyoizoea. Nikilazimishwa kuchagua, ningechukua ya magome kwa anayeitumia simu kila siku na ya kromu kwa mwenye tabia ya kuweka vitu kabatini. Ukungu hauoti juu ya kitu kinachoshikwashikwa.

(Ngozi yetu yenyewe ina safari ya kuchekesha. Kenya imeweka ushuru mzito kwa anayesafirisha ngozi mbichi nje ya nchi, ili viwanda vya nyumbani visikose malighafi. Hata hivyo sehemu kubwa ya inayotoka Kenya huondoka ikiwa imesindikwa nusu tu, bado ina rangi ya buluu ya kromu. Hupita bandari ya Kilindini kwenda Italia, India na China, na watalii wa Shanzu hushuka uwanja wa ndege wakiwa wamebeba mikoba ambayo huenda ng'ombe wake alichungwa Kajiado.)

Ila ningekuwa na nafasi ya kutazama kitu kimoja tu katika kava, ningeacha rangi, ningeacha harufu, nikatazama ukingo. Hapo ndipo fundi hawezi kujificha. Vipande viwili vikishagundishwa na kushonwa, hukatwa pamoja kwa kisu kikali hadi tabaka zilingane. Kisha hupigwa msasa wa chembe kubwa, halafu mwororo zaidi. Kisha fundi huulowesha ukingo kidogo na kuusugua kwa kipande cha mti laini au cha mfupa, huku na huku, mpaka joto la msuguano lizifunge nyuzi. Akipaka nta ya nyuki anasugua tena. Akiona mstari wa kiungo bado unaonekana, anarudi kwenye msasa. Mtu asiyejua anaweza kudhani anapoteza wakati, na kwa hesabu ya kiwanda ni kweli anaupoteza. Kiwandani ukingo hupakwa rangi nene inayofanana na mpira na kazi imekwisha. Miezi michache baadaye rangi hiyo hupasuka pale kava inapokunjika, na maji hupata mlango. Ukingo uliosuguliwa hauna cha kubanduka. Pitisha ncha ya kidole: usiposikia kiungo, mlipe fundi bila kumsumbua.

Mshono unafuata. Cherehani hupitisha uzi wa juu na uzi wa chini zikashikana katikati, na mmoja ukikatika, mshono huanza kufumuka. Fundi wa mkono hutumia uzi mmoja mrefu wenye sindano mbili, kila mwisho na sindano yake, na katika kila tundu sindano zote hupita, moja kutoka kila upande. Kipande kimoja kikikatika, kilichobaki bado kinashikilia. Uulize pia uzi wenyewe: wa pamba huoza kwa jasho, wa poliesta uliotiwa nta hudumu. Na vifungo, kwa mtu wa Shanzu, ni balaa. Kifungo cha chuma hushika kutu, na chuma kikikutana na tanini hutoa weusi uleule ambao watu wa zamani waliutengenezea wino. Doa hilo halitoki kwa urahisi. Shaba huota kijani, lakini haiumizi sana. Sumaku ni safi na haina kelele, ila hupotosha dira iliyomo ndani ya simu, na anayetegemea programu kumwonyesha kibla anaweza kujikuta ameelekea Malindi. Kilicho bora ni ulimi wa ngozi unaoingia katika mkato. Hauna cha kushika kutu wala cha kuvutana na kitu.

Ufundi huu hauko mbali. Ukitoka Shanzu kwenda mjini, matatu hupita Bamburi na kufika Bombolulu, penye karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 na sasa ziko chini ya Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, APDK. Wafanyakazi wengi ni watu wenye ulemavu, na hutengeneza vito, nguo, kazi za mbao na bidhaa za ngozi. Hapahapa Shanzu, chama cha Girl Guides kina karakana ya kuwafundisha ushonaji na kazi nyingine za mikono wasichana wenye ulemavu. Wageni hununua huko kwa kuona huruma, jambo ambalo nadhani ni dharau ya kimyakimya. Kitu kichunguzwe ukingo na mshono kama kingine chochote, na kikifaulu kilipiwe bei yake kamili.

Sasa nifikie nililotaka kusema tangu mwanzo. Kava nyingi za ngozi zinazouzwa zimefinyangwa kwa umbo la simu moja tu, na tundu la kamera pale pale ilipo. Ni kazi ya kupendeza. Ngozi hulowekwa, huvishwa kibao cha kipimo cha simu, hukandamizwa na kuachwa ikauke. Lakini simu hiyo, baada ya miaka mitatu hivi, betri itakuwa imechoka, au mwenyewe atakuwa ameona nyingine. Toleo jipya litakuwa na kamera mahali pengine. Ngozi nzuri inaweza kuishi miaka ishirini, na hapo fundi atakuwa ameshona kitu cha miaka ishirini kwa kipimo cha kitu cha miaka mitatu. Ndiyo maana nachagua ala: kifuko kilicho wazi juu, kipana kuliko simu kwa unene wa kidole, kisicho na tundu la kamera, ambacho simu huingia na kutoka kwa kuvutwa kwa utepe. Hasara yake naijua. Simu ikiwa mkononi haina kinga, na asiyeweza kukaa dakika tano bila kuitazama atachoka kuitoa na kuirudisha. Huyo anunue plastiki. Mvuvi naye asidanganywe na mtu: ngozi haina kazi ndani ya ngalawa, na mfuko usiopitisha maji humfaa zaidi.

Kwa wengine wote, nenda kwa fundi viatu unayemwamini, umpe simu aipime, na umwambie asiharakishe. Chagua ngozi ya unene wa milimita moja na nusu au karibu na hapo. Ya mbuzi inaweza kuwa nyembamba zaidi na bado ikawa na nguvu. Usitie bitana ya kitambaa, maana kitambaa hushika unyevu. Ukiwa unachaji, itoe simu nje, joto lipate pa kwenda. Ikilowa, iache ikauke kivulini, wala usiianike juani. Ukiona ukungu, futa kwa kitambaa kikavu, anika penye upepo, halafu paka nta kidogo tu.

Na ukibadilisha simu ukapata iliyo ndefu zaidi, usiitupe ala. Mrudishie fundi. Mshono wa mkono hufumuliwa upande mmoja tu. Fundi huunga kipande cha ngozi chini, hutoboa matundu mapya yakiendana na ya zamani, hushona, hupiga ukingo msasa, na kukutoza uzi pamoja na nusu siku yake.