Kutu Haijamaliza Kuandika

Katika shajara yangu ya sanaa kuna ukurasa wa kitambaa uliopigwa chapa na washa kubwa ya chuma. Washa hiyo niliiokota ufukweni Tanga. Niliifunga ndani ya kipande cha marekani kilicholowa siki, nikaiacha mpaka kesho yake. Nilipofungua nilikuta duara la rangi ya chungwa iliyoiva, jeusijeusi pale chuma kilipogusa, na ukungu wa manjano kuzunguka nje. Siku ileile nilikishona kitambaa kwenye daftari. Masika yalipokwisha, duara lilikuwa limeonekana pia kwenye ukurasa unaotazamana nacho, ukurasa wa karatasi ambao haukuwahi kuguswa na siki wala chuma.

Wengi wetu tunaotengeneza shajara za vifaa mseto, zenye karatasi, nguo, uzi, rangi na vitu vya kuokota, tunaichukulia kutu kama rangi ya kopo: ikishakauka, imekauka. Ukurasa ule ulinionyesha vingine. Kitambaa cha kutu kinaendelea kufanya kazi ndani ya kitabu, na ukurasa usiojengwa kwa kulijua hilo utaliwa.

Siki ya dukani ina asidi asetiki kiasi cha asilimia 5. Asidi hiyo huyeyusha chuma kidogo kidogo na kukitoa kama ioni za chuma (II), ambazo husafiri na maji na kupenya katikati ya nyuzi. Katika hatua hiyo rangi ya chungwa haijakuwapo bado. Kitambaa kilichobanwa sana bila hewa hutoka na ukijani uliofifia, na anayefanya kwa mara ya kwanza hudhani ameharibu. Akitandaze tu. Oksijeni ikikifikia, chuma (II) hugeuka kuwa chuma (III), ambacho hakiyeyuki majini, na rangi ya chungwa hupanda huku ukiitazama. Kutu hiyo haikupakwa juu ya uzi. Imezaliwa humo ndani, na ndiyo maana kufua hakuitoi.

Kwa hiyo mambo matatu hupimwa kwa pamoja: unyevu, hewa na mgusano. Kitambaa kikielea katika siki, chuma husambaa na alama inakuwa doa lisilo na umbo. Kikikauka mapema, mmenyuko unasimama njiani. Mimi hukiacha na unyevu wa nguo iliyokamuliwa kwa mikono, nikakifunga kwa uzi mpaka nione umbo la nati au mnyororo likijitokeza kwa juu, kisha nikakiweka ndani ya ndoo yenye mfuniko. Maelekezo mengi ya Ulaya hutaka mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na ndoo hutumika miaka mingi. Saa 12 hadi 24 zinatosha katika joto la pwani. Ukivuka siku mbili unaongeza weusi na kupunguza uhai wa kitambaa.

Kipindi hicho cha kufunga ndicho kinachochora. Pale chuma kilipogusa panakuwa peusi. Maji yanaponyonywa na nyuzi hubeba chuma mpaka pale yanapoanza kukauka, na huko hukiacha kama mstari mwembamba, sawasawa na duara linaloachwa mezani na kikombe. Mikunjo iliyobanwa sana hubaki myeupe. Ukikisoma kitambaa cha kutu vizuri unaweza kusema kilifungwa upande gani, kilibanwa kiasi gani, na maji yalikimbilia wapi.

Aliyenifunza kukisoma hivyo ni msanii wa Uingereza Alice Fox, kwa kazi zake. Mwaka 2012 alikuwa msanii mkaazi katika hifadhi ya Spurn, ulimi mwembamba wa mchanga kwenye mlango wa mto Humber, mashariki ya Uingereza. Aliokota vyuma vilivyoliwa na bahari na kuviacha viache alama zake kwenye nguo na karatasi. Mwaka 2015 alichapisha kitabu kuhusu njia hizo, *Natural Processes in Textile Art*. Ninachokithamini zaidi ni kwamba kila alama ina ukubwa uleule wa kitu chenyewe. Picha ya kamera ingekipunguza au kukikuza. Kutu inakulazimisha ukubali kipimo cha kitu na mahali kilipolala. Na Spurn ni mahali penye maana hiyo: Desemba 2013 maji ya dhoruba yaliufunika ulimi ule na kuikata barabara yake. Chuma kilichotoka kwenye ufukwe kama huo kimekwisha kuandikwa na bahari kabla msanii hajakigusa. Ndiyo sababu sipendi kukiona kitambaa cha kutu kikikatwa vipande vidogo na kupachikwa ukurasani kama urembo. Duara zima la washa ni maandishi ya siku hiyo, kama tarehe ilivyo.

Tanini, kemikali iliyomo katika chai na maganda ya miti, huiongezea kazi hii rangi yake ya pili. Chuma kikikutana na tanini hutoa kijivu, zambarau iliyokoza, hadi nyeusi. Nchini Mali, watengenezaji wa nguo za bogolan huanza na tanini: nguo ya pamba huchovywa katika rangi ya majani ya n'gallama, kisha huchorwa kwa tope lenye chuma lililokaa muda mrefu chunguni, na tope likioshwa mchoro hubaki mweusi. Sisi tunaweza kuanza na kutu. Pwani, chai isiyo na maziwa huitwa chai ya mkandaa, na mkandaa ni mti wa mikoko ambao maganda yake yamejaa tanini. Lugha ilikwisha kuijua kemia hiyo. Chemsha chai nzito, chovya kalamu ya mwanzi au brashi nyembamba, na uandike juu ya kitambaa cha kutu. Herufi huanza za kahawia hafifu kisha huwa nyeusi. Usitie maziwa, kwa kuwa protini yake huishika tanini na kuizuia isikutane na chuma.

Kinyume chake ni ndimu. Mama zetu wametoa madoa ya kutu kwenye kanzu kwa ndimu na chumvi juani, kwa sababu asidi ya ndimu huishika kutu na kuiyeyusha. Kwa brashi unaweza kuchora mistari myeupe ndani ya eneo la chungwa. Lakini chuma kilichoyeyushwa kinatafuta mahali pengine pa kukaa, kwa hiyo kitambaa kioshwe papo hapo kwa maji mengi.

Sasa lile duara lililohama. Kosa langu la kwanza lilikuwa kushona kitambaa kilichokuwa bado na asidi. Baada ya kufungua ilinipasa kukiloweka katika maji yenye soda ya kuokea, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, kwa nusu saa hivi, kisha kukisuuza mara kadhaa. Soda huua asidi, na katika maji yasiyo na asidi chuma (II) kilichosalia hugeuka upesi kuwa chuma (III) na kutulia. Kosa la pili lilikuwa chumvi. Maelekezo mengi hutaka uinyunyize ili kutu ije haraka, na kweli huja. Kwa nguo ya kuning'inizwa ukutani sina ugomvi nayo. Kwa kitabu ninaikataa kabisa. Chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi huvuta unyevu wa hewa, na kwenye hewa ya Tanga hilo maana yake ni kukilowesha kitambaa upya kila usiku.

Hata baada ya kuosha, chuma kimo. Wahifadhi wa nyaraka wanaijua hatari hiyo kutokana na wino wa kale wa Ulaya uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini ya vinundu vya mwaloni. Asidi hukata minyororo ya selulosi, na chuma huwa kichocheo cha oksijeni kuila zaidi, mpaka herufi zinatoboka na kudondoka. Miswada ya Johann Sebastian Bach iliyoko Berlin iliharibika kwa njia hiyo. Mwaka 1995 Mholanzi Johan Neevel alieleza matumizi ya fitati, kemikali inayopatikana pia katika pumba za nafaka, kuzishika zile ioni za chuma (II) zisiendelee kuchochea. Hiyo ni kazi ya maabara. Ninaitaja kwa sababu pamba na kitani ni selulosi vilevile kama karatasi, na kinachoila miswada kinaweza kuila shajara.

Kwa hiyo siku hizi ukurasa wa kutu naujenga hivi. Kitambaa hakigusi karatasi ya kuandikia. Nyuma na mbele yake naweka karatasi nyeupe yenye kalsiamu kaboneti ya kuizima asidi, na karatasi nyingi za ofisini za sasa zinayo. Karatasi za kaki na gazeti, tunazozipenda sana katika kazi za kubandika, nazihamishia kurasa za mbali, na picha za familia mbali zaidi. Situmii gundi ya maji: inalowesha kitambaa na kukiamsha chuma. Napiga bandi kwa mkono kuzunguka pindo, nje ya alama, kwa uzi wa poliesta hata kama ule wa pamba unapendeza zaidi, kwa sababu poliesta si selulosi. Sindano itakuwa butu mapema, maana chembe za kutu ni kama msasa, na kuchana nguo kavu ya kutu kunataka barakoa.

Ule ukurasa wa zamani sikuubandua. Niliufungua mwezi uliopita, nikachukua chai ya mkandaa na kuandika tarehe kwenye karatasi, nikianzia katikati ya doa na kuishia kwenye weupe. Kufikia asubuhi, tarakimu za siku na mwezi zilikuwa nyeusi kabisa. Za mwaka, zilizokuwa nje ya doa, zimebaki za kahawia, isipokuwa ile 2 ya mwanzo, ambayo mkia wake tu ndio umekuwa mweusi, sentimita moja na nusu kupita ukingo ninaouona kwa macho.